Vinajaza

Nilijitolea likizo yangu yote, siku ishirini na nane
za karani wa ushuru wa dagaa mwaloni Kayenze,
nikapewa mwiko, brashi ya rangi, na shimo
la mita moja kwa mita moja, limezungushiwa kamba
chini ya jabali kubwa kuliko kanisa.
"Taratibu," alisema Daktari Milembe. "Hapa hatuchimbi.
Hapa tunabisha hodi."

Nikabisha.
Sentimita tano: kifuniko cha soda, betri iliyovuja,
jino la kitana.
Kumi: mavi ya pimbi, na wenyewe pimbi
wamekaa juu yetu wakitutazama kama wadai.
Thelathini: udongo ukabadilika rangi, ukawa
kama ugali wa mtama, na kwa siku mbili
haukusema neno.

Upande wa pili wa jabali, kina mama wa kokoto.
Ko. Ko. Ko. Tangu saa kumi na mbili asubuhi,
kanga usoni kuzuia vumbi, jiwe limeshikwa
kwa pete ya mpira wa baiskeli ili vidole visalie.
Kila pigo lao liliangusha chembe za mchanga
kwenye ukuta wa shimo langu niliounyoosha kwa kamba.
Lugembe wa chekeche alilaani. Mimi nilinyamaza:
ada yangu ya sekondari ililipwa kwa ndoo,
na kidole cha shahada cha mama
mpaka leo hakikunjiki.

Sentimita sitini na mbili, Alhamisi, saa tano:
kigae.
Kitako cha chungu, na katikati ya kitako
kibonyeo, kama kitovu cha mtoto.
Miaka elfu mbili, huenda imezidi, alisema Daktari,
sauti imeshuka kama ya mtu aliyeingia msibani.
Nikajaribu kidole gumba changu. Hakikuenea.
Aliyefinyanga alikuwa na mkono mdogo,
au alikuwa na haraka, au alitumia kijiti.
Sikumjua. Nilifurahi kutomjua.

Mchana Mama Nyanzala aliweka nyundo begani, akaja kuomba maji.
Akakiona juu ya gazeti, kimepewa namba
kama mgonjwa wa Bugando.
"Hivi?" akasema. "Hivi mbona tunavyo?
Mwaka wa kumi na moja huu vinatoka pale kwetu,
vyenye mistari, vyenye vitovu. Ni laini,
havina nguvu. Lakini ndani ya ndoo
vinajaza."

Hakuna aliyecheka.
Daktari akakaa chini, juu ya udongo
aliotukataza sisi kuukanyaga.

"Mliuza wapi?"
Mama Nyanzala akanyoosha nyundo bila pupa,
kama anayeonyesha mipaka ya shamba:
zile nyumba za bati la bluu. Ile shule.
Ule msikiti mpya. Vyoo vya soko.
Na kule, hadi Nyamhongolo, lori kwa lori.

Basi magofu yapo, na watu wanaishi humo.
Kijiji kizima kimepondwa, kikakorogwa na saruji,
kinashikilia ukuta ambao mtoto
anachorea gari kwa mkaa.
Jiko la yule mwenye mkono mdogo
ni sakafu ya darasa la tatu B.

Kesho yake Daktari aliwapelekea karai jekundu:
kila kigae, shilingi mia mbili.
Lugembe akasema sheria hairuhusu kununua.
Sinunui, akajibu, nawalipa muda wao.
Kufikia jioni karai limefurika,
na vigae vitatu vilikuwa bado vinanukia maharage.

Likizo imekwisha. Nakata stakabadhi, napigwa na jua.
Chumba changu cha kupanga, hapa Igombe,
sakafu ina ufa kuanzia mlangoni hadi chini ya kitanda,
na usiku nikiumulika kwa simu
naona, kati ya kokoto mbili za kijivu,
kitu chekundu, chembamba, chenye mistari.

Mwiko sijarudisha.
Mwenye nyumba analala chumba cha mbele,
na usingizi wake mwepesi.